Kwa Walezi wa Vijana: Mwalimu Akihama, Nani Atashika Filimbi?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya watu ambao twawaona kila jioni lakini hatuwatazami. Ni wale walimu ambao, kengele ya mwisho ikisha kulia, hawaendi nyumbani. Huvua koti, hutia filimbi shingoni, hushika mpira mmoja uliochakaa, wakaenda uwanjani pamoja na watoto. Pita Lizaboni, pita Bombambili, pita Ruhuwiko, nenda hata kwenye viwanja vya parokia huko vijijini, utawaona. Hakuna anayewalipa kwa kazi hiyo ya jioni. Nyumbani ugali unapoa, nao bado wako pale wakipiga kelele, "Toa pasi! Mwangalie mwenzako!"

Wengi wao huanza na timu ya shule tu, kwa ajili ya UMITASHUMTA au UMISSETA. Baadaye wale waliomaliza shule hawataki kuondoka, nao huja jioni. Wadogo zao huwafuata. Mwalimu huona kwamba mmoja hajala tangu asubuhi, mwingine ameacha shule, wa tatu ameanza kushinda kijiweni na watu wasio wema. Hawezi kunyamaza. Humtafutia wa kwanza chakula, huenda kuzungumza na wazazi wa wa pili, na wa tatu humpa kazi ya kutunza mipira. Hivyo, polepole, timu yageuka kuwa chama cha vijana, na mwalimu wa hesabu au wa jiografia huwa kiongozi wa chama bila mtu yeyote kumchagua.

Kisha barua ya uhamisho hufika. Mwalimu amepangiwa Tunduru, au Namtumbo, au mkoa mwingine kabisa. Vijana humsindikiza mpaka stendi ya mabasi, wengine wakifuta machozi. Mwezi wa kwanza hucheza wenyewe. Mwezi wa pili hugombana juu ya nani alale na mpira. Mwezi wa tatu majani yameota golini, na wale vijana tuliowasifu kanisani kwa adabu yao twawakuta kijiweni.

Je, msomaji, hujaliona jambo hili kwa macho yako? Basi watu husema, "Serikali imekosea kumhamisha." Wengine husema, "Vijana wa siku hizi hawana shukrani." Lakini mwalimu wa serikali huhamishwa, padre huhamishwa, hata askofu hufa. Ikiwa kazi ya vijana itakufa kila mara mtu mmoja anapopanda basi, afadhali tuulize kazi hiyo ilijengwa namna gani. Nami nitawapeni mifano mitatu ya watu waliotoka darasani au uwanjani wakawa viongozi wa kazi iliyodumu, tuone walifanya nini.

Bruda wa Iten

Mfano wa kwanza ni wa nchi ya jirani, Kenya. Mwaka 1976 alifika katika mji mdogo wa Iten, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, bruda mmoja kijana kutoka Ireland, jina lake Colm O'Connell, wa shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrisi. Alitumwa kufundisha jiografia katika shule ya sekondari ya wavulana ya St. Patrick's. Kukimbia hakukujua. Hakuwa mwanamichezo wa mbio, wala hakupata kusomea kazi hiyo mahali popote. Pale shuleni alimkuta mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu wa Brendan Foster aliyepata medali ya shaba katika michezo ya Olimpiki mwaka ule ule wa 1976. Foster ndiye aliyekuwa akiwafundisha wavulana mbio. Hakukawia kurudi kwao, na filimbi ikabaki mikononi mwa bruda wa jiografia.

Fikiri wewe mwenyewe ungefanya nini. Wengi wetu tungejifanya twajua. Tungepiga kelele uwanjani ili watoto wasigundue ujinga wetu. Bruda Colm alifanya jambo jingine: alitazama. Alisimama kando ya njia ya vumbi akatazama vijana wanavyokimbia, akawauliza, akawasikiliza, akajifunza kwao. Wanafunzi wakawa walimu wa mwalimu wao.

Kisha matunda yakaonekana. Mwaka 1988, huko Seoul, Peter Rono aliyesoma St. Patrick's alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mbio za mita 1,500. Mwaka 1992, huko Barcelona, Matthew Birir wa shule hiyo hiyo alishinda mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Shuleni pale ipo desturi nzuri: wanafunzi waliopata ushindi mkubwa hupandiwa miti yenye majina yao. Mtoto mpya wa kidato cha kwanza anapopita chini ya kivuli cha miti ile, hahitaji hotuba ndefu.

Lakini ushindi wa medali ndio watu hupenda kuusimulia. Mimi nataka uangalie jambo lililofanyika mwaka 1989. Bruda Colm alikuwa ameona kwamba shule moja ni mlango mwembamba. Asiyechaguliwa kuingia St. Patrick's afanye nini? Na msichana, ambaye hawezi kuingia shule ya wavulana, aende wapi? Basi mwaka huo alianzisha kambi ya vijana wakati wa likizo, wavulana kwa wasichana. Hapo ndipo mwalimu wa shule alipogeuka kuwa kiongozi wa kazi iliyo pana kuliko shule yake. Alipata kuwa mkuu wa shule ile, na alipoacha ukuu hakuwaacha vijana. Miongoni mwa wasichana waliopita mikononi mwake ni Janeth Jepkosgei, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 800 huko Osaka mwaka 2007.

Sasa sikiliza habari ya mwaka 2005, maana ndiyo kiini cha maneno yangu. Kijana mmoja Mmasai, mwana wa Daniel Rudisha aliyepata medali ya fedha ya kupokezana vijiti huko Mexico mwaka 1968, alikuwa akitafuta njia yake katika mbio. Nani aliyemwona akampendekeza? Ni Japheth Kimutai, mwanafunzi wa zamani wa Bruda mwenyewe, aliyeshinda mita 800 katika michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1998. Mwanafunzi wa jana alikuwa amepata macho ya mwalimu wake. Kijana yule ndiye David Rudisha. Tarehe 9 Agosti 2012, huko London, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, na mpaka siku ile hapakuwa na mwanadamu aliyepata kuzikimbia upesi hivyo.

Mwaka 2019 shirika la riadha la dunia lilimpa Bruda Colm tuzo ya ualimu wa mbio. Miaka arobaini na mitatu ilikuwa imepita tangu ashuke Iten na vitabu vyake vya jiografia. Hebu jiulize: kama Kimutai asingefundishwa kuwaangalia wadogo, nani angempendekeza Rudisha?

Uji na sataranji

Mfano wa pili ni wa Uganda. Robert Katende alifiwa na mama yake angali mtoto. Mpira wa miguu ndio uliomfungulia milango ya shule, akasoma mpaka akajifunza uhandisi wa ujenzi. Badala ya kutafuta fedha tu, aliingia katika huduma ya Kikristo iitwayo Sports Outreach, akaenda kuwafundisha mpira watoto wa Katwe, mtaa wa maskini katika jiji la Kampala.

Huko aliona kwamba wako watoto wanaokaa pembeni kila siku. Hawataki mpira, au hawauwezi. Mwalimu mvivu angesema, "Hao shauri yao." Katende, mwaka 2004, aliwaletea ubao wa sataranji, mchezo ambao wengine huuita chesi. Alianza na watoto sita tu. Baada ya mchezo walipata uji. Msomaji asicheke juu ya uji: mtoto mwenye njaa huja kwa ajili ya uji, hubaki kwa ajili ya mchezo, na mwisho huokolewa kwa ajili ya upendo.

Mwaka 2005 alifika msichana wa miaka kama tisa, Phiona Mutesi, akimfuata kaka yake. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, naye hakuwa shuleni, kwa kuwa mama hakuwa na karo. Nani aliyemfundisha jinsi mfalme na askari wanavyotembea ubaoni? Ni msichana mwenzake, Gloria, ambaye alikuwa mdogo kuliko yeye kwa miaka kadhaa! Katende alikuwa ameweka taratibu hiyo: anayejua leo amfundishe aliyekuja leo. Mwaka 2009 watoto watatu wa Katwe, Phiona akiwa mmoja wao, walikwenda Juba wakashinda mashindano ya watoto. Mwaka 2012 Phiona alipata cheo cha kimataifa cha mchezo huo huko Istanbul, na mwaka 2016 sinema iliyosimulia maisha yake ilionyeshwa duniani. Katende naye akawa mkurugenzi wa chuo cha sataranji kwa watoto wa mitaa ya maskini. Mchezaji wa mpira aliyeanza na watoto sita amekuwa kiongozi wa shirika, naye alipanda ngazi hiyo kwa kukubali kwamba mtoto mdogo aweza kufundisha.

Hapa kwetu

Mtu atasema, "Hayo ni ya Kenya na Uganda." Basi twende Dar es Salaam. Mwaka 2001 ilianzishwa huko EMIMA, yaani Elimu, Michezo na Mazoezi, na mwanzilishi wake ni Cyprian Maro, mtaalamu wa elimu ya michezo. Ilikuwa miaka ambayo UKIMWI ulikuwa ukifagia nyumba zetu, na watu wazima walikuwa wakiona haya kutamka mambo hayo mbele ya watoto. EMIMA iliwachukua vijana wenyewe, ikawafundisha, ikawafanya walimu wa mpira kwa wadogo zao. Katikati ya mazoezi walizungumza juu ya ugonjwa ule kwa lugha ya vijana.

Je, ilifaa kitu? Maro na wenzake hawakutosheka na kusema "naona inafaa". Walipima. Waliwachunguza watoto 764 wa miaka 12 hadi 15, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Ilionekana kwamba watoto waliofundishwa uwanjani na vijana wenzao walifaidika kuliko wale waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Wazazi na wakatekista, yatafakarini hayo. Neno lile lile, likitoka katika kinywa cha kijana anayeaminiwa na wenzake, laingia kuliko likitoka kwetu wenye mvi.

Mambo ya kushika

Katika mifano hiyo mitatu naona njia moja. Mtu huanza kwa kufundisha. Kisha hupenda, naye huanza kulea. Lakini hajawa kiongozi mpaka siku atakapompa mwingine filimbi yake, akasimama pembeni akatazama.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu ya Songea. Tazama lizombe. Nani aliyefungua shule ya lizombe? Mtoto huingia nyuma ya wakubwa, huiga miguu yao, mwaka huu hukosea, mwaka ujao apatia, na mwisho yeye ndiye anayewaongoza wengine. Mzee mwongozaji akifa ngoma haifi pamoja naye. Tazama pia mafundi waliotoka shule ya ufundi ya Peramiho. Seremala mwema hafungi siri ya randa yake kabatini. Humpa kijana ubao, humwacha aukwaruze vibaya, humrudisha, humwacha tena. Ikiwa twafanya hivyo kwa ngoma na kwa mbao, kwa nini tusifanye kwa chama cha vijana?

Katika kitabu cha Kutoka twasoma jinsi Yethro alivyomkuta mkwewe Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, peke yake. Yethro hakumsifu kwa bidii. Alimwonya kwamba kazi hiyo itamchosha yeye na watu wake pia, akamshauri achague watu waaminifu, awaweke juu ya maelfu, na mamia, na hamsini, na makumi. Musa alikuwa nabii mkubwa, naye alisikia. Sembuse wewe mwalimu mwenye mipira miwili?

Basi, mwalimu kijana unayenisoma, nakushauri mambo manne.

La kwanza, mwaka huu usiishe kabla hujachagua vijana wawili, mvulana na msichana, ukawapa filimbi siku moja kila juma. Usichague wale wanaofunga mabao mengi tu. Chagua yule ambaye wadogo humkimbilia wakianguka. Wakikosea, usiwanyang'anye filimbi mbele ya watoto. Waite pembeni baadaye.

La pili, andika. Weka daftari la majina ya watoto, la wazazi wao, na la siku za mazoezi. Kichwa chako kitahama pamoja nawe, daftari litabaki. Na kazi ikikua, ifuate sheria. Chama cha michezo tu huandikishwa kwa taratibu za Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Shirika lenye kazi pana zaidi, kama kusomesha watoto na kuwalinda, liko chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, nayo hudai katiba, viongozi wanaojulikana, na taarifa ya kazi kila mwaka. Nenda kwa afisa michezo na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako, watakueleza. Wengi huogopa karatasi. Lakini katiba ni ahadi tu kwamba chama ni cha watu wengi.

La tatu, fedha zisilale katika mfuko mmoja. Hata kama ni shilingi elfu kumi ya kununua valvu na gundi, watu wawili wajue, na iandikwe. Vivyo hivyo watoto: asiwepo mtu mzima peke yake na mtoto mahali pa faragha, wala safarini wala mazoezini. Wasichana wawe na mama au dada mlezi. Jina jema la chama huvunjika siku moja, na mtoto aliyeumizwa hubeba jeraha maisha yote.

La nne, shule iwe mbele ya mpira. Mtoto mmoja katika elfu huenda akaishi kwa miguu yake. Wengine wote wataishi kwa akili, kwa jembe, kwa ufundi na kwa adabu. Mwalimu anayemtorosha mtoto darasani ili ashinde kombe amemwibia.

Nanyi wazazi, sitawaacha. Husema, "Mwalimu yule awalea watoto wetu vizuri," kisha mkaketi. Mkono mmoja haulei mwana. Wakati wa mavuno mahindi hayakosi Songea: debe moja kutoka kila nyumba kumi laweza kuwapikia watoto uji miezi kadhaa. Baba mwenye pikipiki aweza kumbeba mtoto aliyeteguka mguu mpaka zahanati. Mama aliye mwalimu mstaafu aweza kushika daftari. Na kamati ya parokia yaweza kuuliza kila mwaka swali moja tu: mwalimu wetu akihamishwa kesho, nani atashika filimbi? Ikiwa hakuna jibu, kamati hiyo isifunge kikao.

Nina neno la mwisho kwa yule mwalimu ambaye barua ya uhamisho imekwisha mfikia, naye yu katika kufunga mizigo. Usihuzunike kupita kiasi. Zimebaki siku chache, nazo zatosha. Waite vijana wako wawili leo jioni, wape daftari, wape mipira, waoneshe kwa wazazi na kwa padre. Nao wakianza mazoezi, wewe kaa kwenye majani kando ya uwanja, ufunge mdomo. Itakuwia vigumu kuliko kufundisha. Na huko Tunduru ama Namtumbo uendako, wako watoto wengine wanaokaa pembeni wakingoja mtu awatazame.

Mungu awabariki walezi wote wa vijana. Tuonane juma lijalo.